Jina la Mtu katika Kartasi ya Kura

Wengine hushangaa kwa nini huko Marekani watu washitakiana kwa sababu ya jina moja katika kartasi ya kura. Tujue kwanza ya kuwa inchi ile ina majimbo 50 (jimbo hapa si la askofu), na kila jimbo lina sheria yake ya kuandika majina. Asiye mtu wa Demokrate wala wa Republikani, mara nyingi lazima akusanye sahihi nyingi, jimbo kwa jimbo.

Tutazame mwaka 2024. Robert F. Kennedy Jr., mtoto wa mdogo wake John Kennedy, Prezidenti Mkatoliki wa kwanza, alisimama bila chama. Watu wa upande wa Demokrate waliogopa atawapunguzia kura. Wakamshitaki New York, na hakimu akakataa jina lake, kwani anwani aliyoandika haikuwa makao yake ya kweli. Tarehe 23 Agosti akamwunga mkono Donald Trump. Kumbe, mambo yakageuka! Sasa alitaka kufutwa katika majimbo yenye ushindani mkali, na wakubwa wa uchaguzi walio Demokrate, Michigan na North Carolina, wakakataa kumfuta. Naye mwenyewe, wakati ule ule, aliomba kurudishwa New York. Twaona wazi kila upande ulipima sheria kwa faida yake.

Tribinali kuu ya Michigan ikaacha jina. Ile ya North Carolina ikakubali lifutwe. Huko kartasi zilizokwisha kupigwa chapa zikachapwa upya, na za askari walio ng'ambo zikaanza kutumwa tarehe 20 Septemba badala ya tarehe 6.