Tufe la Radi Lililozimika

Miongoni mwa vyombo vinavyoletwa kwenye meza yangu ya ufundi huku Kariobangi, hakuna kinachohukumiwa kifo kwa pupa kama lile tufe la kioo ambalo watu huliweka sebuleni kando ya televisheni, wapate kutazama nyuzi za zambarau zikitambaa kutoka kitovuni hadi ukingoni na kukifuata kidole cha mtoto aligusaye. Juma lililopita mama mmoja wa Buruburu alinijia nalo limefungwa ndani ya leso, akasema, "Fundi, hii imekufa tangu stima iliporudi Jumapili, kama haitengenezeki niambie tu niitupe." Nilimwomba aketi, kwa kuwa taa hii, kabla haijafunguliwa hata skrubu moja, huweza kuulizwa nayo ikajibu.

Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, maana Nikola Tesla alipewa hataza ya taa ya namna hii huko Marekani mwaka 1894. Ndani ya kioo hewa ya kawaida imeondolewa, na mahali pake pametiwa gesi adimu, aghalabu neoni na agoni, kwa shinikizo lililo chini ya lile la hewa tuivutayo. Na ndani ya kitako cha plastiki mna saketi ipokeayo volti 12 za adapta na kuzigeuza kuwa elfu kadhaa, zikibadili mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja, hata elektroni zikabanduka kutoka katika atomi na gesi ikawa plazma, hali ileile ya maada iliyomo katika radi ya masika.

Jambo la kwanza nililotazama ni swichi, na wala si kwa kumdharau mwenye taa, bali kwa sababu nyingi za taa hizi zina swichi ya vituo vitatu, ambavyo kimojawapo huiwasha taa pale tu inaposikia sauti. Mtoto akiisogeza hapo, tufe litakaa giza katika chumba kimya, na wenyewe wasadiki kuwa limeharibika. Ya mama huyu ilikuwa mahali pake. Inafuata adapta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ibebayo lawama mara nyingi zaidi, ama kwa kupigwa na stima inayorudi kwa kishindo, ama kwa kuwa taa ilitumwa na jamaa aliye Marekani, ambako stima ya nyumbani ni volti 120, ikachomekwa hapa kwenye 240. Bahati njema ni kwamba tangu matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015 nyumba nyingi za mitaa yetu zina adapta ya king'amuzi cha zamani, na nyingi katika hizo ni za volti 12. Yafaa kwa kujaribia, maadamu ampea zake hazipungui zile zinazotakiwa na taa, na chanya na hasi yake zimelingana na alama iliyochapwa kitakoni.

Adapta ikiwa nzima, mimi huchukua redio ndogo ya betri, nikaiweka kwenye AM mahali pasipo stesheni, nikaisogeza karibu na tufe. Redio ikinguruma, saketi ingali hai, na hapo huleta tyubu ya taa ndefu ya dari, nikaishika mkononi bila waya wowote jirani na kioo: ikipata mwanga ilhali tufe lenyewe ni giza, basi yamkini kioo kimepata ufa na hewa imeingia, na kwa maradhi hayo sina dawa, kwani gesi ile haijazwi na fundi wa mtaani. Lakini redio ikinyamaza, taksiri imo kitakoni, na matumaini ni makubwa.

Redio ya siku ile ilinyamaza. Niling'oa plagi, nikangoja kitambo, kwa sababu kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kutolewa, na upande wa transfoma nisiuguse kwa mkono mtupu; kisha nikafungua. Kapasita hazikuvimba, wala transista haikuungua. Ila pale soketi ya adapta ilipolehemiwa, chini ya lenzi, palionekana duara jembamba jeusi kuzunguka mguu mmoja, mfano wa ufa wa chungu: risasi imeachana na shaba kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka mingi, na ile stima ya Jumapili haikuwa na hatia. Nikalehemu upya, kazi ya dakika mbili.

Mama aliporejea magharibi, stima ilikuwa imepotea tena mtaa mzima. Nikaazima betri ya volti 12 kwa kijana wa bodaboda, nikaiunga kwa waya wenye fyuzi, na zambarau ikajaa tufe katikati ya giza la kibanda, naye akaunyosha mkono wake kuigusa kabla sijamwambia ni kiasi gani.