Wana wa Wakubwa na Baraza za Majengo

Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri. Mvua ya rasharasha imekatika, nami nimekaa kwenye benchi nje ya duka moja la Majengo, mjini Embu, na kikombe cha chai mkononi. (Chai ya Embu haimngoji mtu. Mwezi wa Julai baridi ya Mlima Kenya humwingia mtu wa pwani mpaka kwenye mifupa, na kikombe ukikiweka chini dakika mbili tu, ukikirudia ni maji.) Kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha picha ya mtoto wa mwanamuziki mtajika. Mtoto kavishwa miwani ya jua, na miguuni ana viatu ambavyo bei yake, kijana alituapia, yatosha kununua ng'ombe wa maziwa.

Hukumu zikaanza kumiminika. Mmoja akasema mtoto huyu keshaharibika. Wa pili akasema mamake hamlei, amemwachia yaya. Wa tatu, mzee wa kofia safi ya mkono, akauliza kama mtoto huyo ajua hata Alhamdu, na kabla ya kujibiwa akajijibu mwenyewe kuwa hajui. Simu ikazunguka benchi zima kama sinia ya pilau, kila mtu akichota tonge lake.

Kando yetu palikuwa na mama mmoja akikaanga mandazi. Alikuwa kimya muda wote. Alipogeuza karai lake la mwisho akamtazama yule mzee wa kofia, akasema, "Na wako wewe, mzee, yuko wapi saa hizi?"

Mzee akatazama ukuta wa msikiti, kisha akatazama viatu vyake. Benchi zima likaangua kicheko na simu ikarudi mfukoni. Mimi nami nilicheka, ila kicheko changu hakikufika mbali. Safari yangu, msomaji, haikuwa ya Embu. Embu nilipita kwa harusi ya rafiki. Nilikuwa nakwenda Majengo ya Meru, kwa mama mmoja ambaye nina deni lake, na deni lenyewe latokana na mchezo huu huu wa benchini.

Kwa asiyeyajua Majengo haya ya bara, ni ndugu zetu. Serikali ya kikoloni ilipojenga boma Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, nyuma ya maafisa walifuata wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili. Wakakaa kando ya boma, wakaoa wenyeji, wakajenga msikiti na chuo, na nyumba zao wakazijenga kwa mtindo wa kwetu: vyumba huku na huku, vyatazamana kwenye ukumbi mmoja. Jina hilo hilo la Majengo utalikuta Nairobi kule Pumwani, utalikuta Nyeri na Nanyuki, na kwetu Mombasa lipo.

Sasa, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja, malezi ya siri hayapo. Ukimpiga mwanao, vyumba vitano vyasikia. Usipompiga, vyasikia vilevile. Mwenyeji wangu wa Embu, mzaliwa wa hapo, alinisimulia jinsi alivyoiba maembe utotoni, akachapwa na mama wa chumba cha pili, ambaye baada ya kumchapa alimpa wali na maharage kwa kuwa alijua kilichomtia wizini ni njaa. Mamake aliporudi sokoni akaambiwa habari yote, akashukuru, akamwongeza viboko viwili vya kwake. Hapa palikuwa na hukumu, tena kali. Lakini yule jirani aliyekemea ndiye aliyembeba mtoto yule usiku wa homa mpaka hospitali. Ulimi wake ulikuja na mikono yake.

Benchi la leo lina ulimi tu. Lamhukumu mtoto ambaye haliwezi kumpa hata maji ya kunywa.

Mwaka 2015, Diamond Platnumz wa Tanzania na Zari Hassan wa Uganda walipojaliwa binti, mtoto alifunguliwa ukurasa wake mwenyewe wa Instagram kabla ya kujua kukaa. Jina lake sitalitaja, ingawa latajwa kila mahali. Makampuni yakaja na mikataba ya matangazo. Kuanzia Mombasa mpaka Kigoma, Muscat mpaka London, kila mwenye simu akawa ni nyanya wa mtoto yule: mbona avaa hivi, mbona anyolewa vile, mbona asafirishwa akiwa mchanga. Nami nakiri kuwa wazazi walioitoa picha sokoni hawawezi kulia kuwa soko limeitazama. Anayetandaza bidhaa hachagui nani atauliza bei. Lakini aliyetandazwa si wao. Mtoto hakutia sahihi mkataba wowote. Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yatambua kuwa mtoto ana haki ya faragha yake, na hilo ni jema. Ila sheria haijaweza kukaa nasi kwenye benchi na kutuziba midomo, na wala sidhani kuwa itaweza.

Sisi wenye kusoma tungepaswa kujizuia wenyewe. Sura ya Hujurat tumeisoma chuoni tukiwa wadogo, wengine wetu kwa kiboko: dhana, upelelezi, na kusengenyana kulikofananishwa na jambo ambalo hakuna mmoja wetu angekubali kulitia mdomoni. Twaijua kwa moyo, twaisomea maiti, kisha twatoka kwenye hitima tukaulizana kama mke wa fulani amemwachisha mwanawe ziwa.

Wala msidhani kuwa nyumba tukufu kuliko zote ilisalimika. Katika hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbusu mjukuu wake Hassan bin Ali mbele ya Aqra bin Habis, mkubwa wa Banu Tamim. Aqra akastaajabu. Akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjibu kwa neno fupi la maana kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Mimi hadithi hii nimeihubiriwa mara nyingi kwa ajili ya busu. Siku ile Embu ndipo niliposhtukia kitu kingine. Aqra alikuja kulitolea maoni busu la nyumba ya mwenzake, na alipoondoka aliondoka na wale kumi wake mwenyewe kichwani. Ndivyo alivyofanya mama wa mandazi, na sidhani alikuwa amekusudia kutoa darasa.

Katika historia yetu ya pwani sijui mzazi aliyehukumiwa zaidi ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Katika majumba yale mabinti walifundishwa kuisoma Qur'ani lakini si kuandika, na yeye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden na kuolewa. Mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga. Wakapata wengine watatu kule Hamburg. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu akafa, na mama akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya barafu.

Sisemi alichofanya ni chema. Kutoka katika dini si jambo la kupitia juu juu, na msomaji hanitarajii nilipambe. Nataka kumtazama akiwa mama tu. Unguja ilimhukumu kuwa amewapoteza wana wa ukoo wa Busaidi wakawa Manasara. Alipokuja nao mwaka 1885, pamoja na manowari za Wajerumani, nduguye Sayyid Barghash alikataa kumpokea. Na Wajerumani nao walikuwa na benchi lao. Wao walimtazama kama mwanamke aliyetoka kwenye malezi ya uvivu na ujinga, asiyeweza kumfunza mtoto kitu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kule Berlin, na humo aliyatetea malezi ya kwetu mbele ya Wazungu, akasema wazi kuwa na malezi yao yana kasoro zake. Basi huyu alisimama baina ya mabaraza mawili, kila moja lamwona mzazi mbovu kwa sababu iliyopingana na ya mwenzake.

Aliaga dunia mwaka 1924 huko Jena. Miaka mitano baadaye, mwanawe wa kiume, Rudolph Said-Ruete, alichapa London kitabu cha maisha ya babu yake, Sayyid Said bin Sultan. Jina la babu alikuwa ameliunganisha na lake. Dini ya babu hakuirudia. Sasa hapo nani alisema kweli, waliosema mtoto kapotea au waliosema hakupotea? Mimi nimelizungusha swali hili miaka, na jibu langu hubadilika kila nikilala vibaya.

Turudi kwenye deni langu.

Mwaka 1997 nilikuwa kijana, nina kalamu kali na ukurasa wa kuiachia. Palikuwa na mtu mmoja mkubwa wa pwani, mtu wa siasa, ambaye alimpeleka mwanawe wa miaka tisa Uingereza. Mjini pakavuma kuwa shule zetu hazimtoshi, kuwa ameona haya kumkalisha mwanawe na wana wa maskini. Nami nikatunga shairi la beti kumi na mbili. Sikumtaja jina, lakini hapakuwa na haja. Hata aliyekuwa chooni alijua ni nani. Nilimsema baba kuwa amemtupa mwana kama mtu atupavyo kibua kilichooza. Watu walinipongeza njiani wiki mbili nzima. Nililipwa vikombe vya kahawa visivyohesabika.

Ni mwaka jana tu, yule bwana alipokuwa keshafariki, ndipo jamaa yao mmoja aliponiambia kuwa mtoto alizaliwa na tundu moyoni. Alipelekwa kupasuliwa, na kwa kuwa ilibidi awe karibu na madaktari, akaachwa kwa khalati yake. Baba hakutaka maradhi ya mtoto yawe maneno ya jukwaani. Alinyamaza. Shairi langu likajaa mahali pa ule unyamavu.

Mjane wake ni mzaliwa wa Majengo ya Meru, na huko ndiko aliporudi. Basi siku ya pili nikapanda matatu kutoka Embu, njia ya Runyenjes na Chuka, njia ya milima na mabonde, kila bonde na mto wake utokao mlimani. Ni zaidi ya kilomita 100, nami nikiwa katikati ya magunia mawili na mwalimu wa shule aliyekuwa akisinzia begani mwangu. Nilikuwa na muda wa kutunga hotuba. Niliitunga vizuri.

Yule mama alinipokea kwa heshima zote, akaniuliza hali ya mamangu, hali ya mji, bei ya samaki. Akaniletea chai ya maziwa na kaimati, maana miaka yake ya Mombasa haikumpotea mikononi. Nikaanza hotuba yangu. Sikufika nusu.

"Alilisoma," akasema. "Alipokuja likizo. Babake alilificha gazeti, lakini wana wa jirani walilihifadhi, wakimwimbia uani. Vina vyake vilikuwa vizuri, mwalimu. Ndiyo maana vilishikika."

Nikanyamaza.

"Kwa muda mrefu akiniuliza: mama, ni kweli mlinitupa? Nikimwambia la. Lakini mimi ni mamake, ningesema nini kingine? Wewe ulikuwa gazeti."

Nilimwomba radhi, dadangu nisamehe, kwa maneno machache niliyobaki nayo. Kisha, kwa kuwa mtunzi hana akili nyingine, nikamwambia nitaandika shairi jingine, la kulifuta lile. Akatikisa kichwa. "La, usiandike. Mwanangu ametosha kuandikwa. Ukitaka kuandika, andika habari zako wewe."

Hivyo ndivyo ninavyofanya leo. Mwana mwenyewe yu hai, ni mtu mzima, ana wake wa kuwalea, na hayo ndiyo yote mtakayoyapata kwangu juu yake.

Tulikaa mpaka jua likakaribia kuchwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mabatini, na baridi ilikuwa ya kutia miguu mfukoni kama ingewezekana. Mjukuu wake, kijana wa miaka minne hivi, akapita mlangoni mbio, miguu mitupu, shati bila vifungo, matope mpaka magotini, akatoka njiani kumfukuza kuku wa watu. Bibi yake alimwona akapita. Hakumwita.

Nikafungua mdomo. Yule mama akanitazama.

Nikachukua kaimati nyingine.