Wanaolipia gari ambalo bado halijaundwa

MTU anapoenda dukani hutoa pesa, akapewa bidhaa yake na kurudi nyumbani. Katika biashara ya magari yanayotumia umeme, mambo mara nyingi huwa kinyume. Kampuni changa huonyesha gari moja la mfano jukwaani, kisha huomba arubuni ya gari litakalokuwa tayari baada ya mwaka mmoja, miwili au hata zaidi. Ajabu ni kwamba watu hulipa, tena kwa furaha.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Tesla ya Marekani. Mnamo Machi 31, 2016, watu walipiga foleni nje ya maduka yake kulipia dola 1,000 kila mmoja kwa gari la Model 3, wengi wao wakiwa hawajaliona hata kwa picha. Katika wiki moja, zaidi ya watu 325,000 walikuwa wamejiandikisha. Magari 30 ya kwanza yalitolewa Julai 2017, na mengi yakaenda kwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Waliovutiwa na bei ya dola 35,000 iliyotangazwa walilazimika kungoja hadi Februari 2019 ndipo gari la bei hiyo likaanza kuuzwa.

Hao, hata hivyo, walikuwa na bahati. Tesla ilikuwa na kiwanda, na magari yake mengine yalikuwa barabarani tayari. Waliongoja gari la Sion kule Ujerumani hawakuwa na dhamana kama hiyo.

Sion lilikuwa wazo la vijana walioanzisha kampuni ya Sono Motors mjini Munich mwaka 2016. Lilikuwa gari la familia, la viti vitano, ambalo mwili wake ulifunikwa kwa vipande vya kunasa nguvu za jua. Kampuni ilisema kuwa jua peke yake lingeliwezesha kwenda wastani wa kilomita 112 kwa wiki, masafa yanayomtosha mtu anayeishi karibu na kazini. Rangi ilikuwa moja tu, nyeusi, ili ifanane na vipande hivyo. Ndani, kwenye dashibodi, walipanda kuvumwani ili isafishe hewa! Ni nani hangependa kuwa na gari kama hilo mlangoni?

Lilipoonyeshwa mwaka 2017, bei ilikuwa euro 16,000 bila betri, na wateja waliahidiwa kulipata mwaka 2019. Mwaka huo ulipofika, kampuni ilitangaza kuwa gari lingeundwa Uswidi. Baadaye kazi hiyo ikahamishiwa Finland na tarehe ikasogezwa hadi 2023, huku bei ikipanda kufikia karibu euro 30,000 pamoja na betri. Mwanafunzi aliyejiunga na chuo kikuu mwaka 2017 angeweza kuhitimu na kuanza kazi kabla hata Sion moja haijauzwa.

Huenda msomaji akauliza pesa zilikuwa zikienda wapi. Gari la mfano huundwa kwa mkono na mafundi wachache. Kuunda maelfu ni jambo jingine kabisa. Lazima kalibu za kufinyangia vyuma na plastiki zitengenezwe, magari yagongwe ukutani kupimwa usalama, na wauzaji wa vipuri walipwe mapema. Gharama hizo zote huja kabla ya kampuni kupata hata senti moja ya mauzo. Hivyo basi, anayetoa arubuni kwa kampuni changa huwa anaikopesha, ijapokuwa risiti yake humwita mteja. Yeyote aliyewahi kulipia ploti kwa awamu akingojea hatimiliki anaielewa hali hiyo.

Wateja wa Sono walilifahamu hilo kuliko tunavyoweza kudhani. Wawekezaji wakubwa walipositasita mwishoni mwa 2019, kampuni iliwageukia wananchi wa kawaida. Katika muda wa siku 50, waliahidi zaidi ya euro milioni 50. Kufikia Januari 2020 lengo lilikuwa limetimizwa, na mwaka uliofuata kampuni ikaingia katika soko la hisa la Nasdaq kule New York.

Lakini kiwanda hula pesa kuliko mapenzi ya watu. Desemba 2022 kampuni iliomba tena. Safari hii ilitaka wateja 3,500 walipe bei yote ya gari mara moja, ili ipate zaidi ya euro milioni 100. Hawakutimia. Katika mwito wa kwanza mtu alihatarisha kiasi anachoweza kukisahau. Katika huu wa pili aliombwa akiba ya nyumba nzima.

Mnamo Februari 24, 2023, Sono ilitangaza kuwa Sion halitaundwa. Wafanyakazi wapatao 300 walipoteza kazi. Magari zaidi ya 45,000 yalikuwa yameagizwa na watu binafsi na makampuni. Waliolipa waliahidiwa kurudishiwa pesa zao kwa awamu katika miaka miwili, lakini kufikia Mei kampuni ilikuwa kortini ikiomba kinga dhidi ya wadai. Waliokuwa wakingojea gari sasa walingojea hakimu. Kampuni yenyewe ilibaki na kazi ya kuweka mitambo ya jua juu ya mabasi na malori ya watu wengine.