Matogoro, mlima wa Songea usio na alama za njia

Ukimwambia mtu wa Songea kwamba unakwenda kupanda mlima, atakuuliza unaondoka lini kwenda Moshi. Kilimanjaro na mita zake 5,895 imetujaa vichwani, tukaisahau milima ya Matogoro inayoonekana kutoka mitaa mingi ya mji wetu, tena ndiyo inayotupa sehemu ya maji tunayokunywa.

Mto Ruvuma, ulioupa jina mkoa huu na unaotutenga na Msumbiji, unaanzia kwenye milima hiyo. Huko juu ni kijito cha kuvuka kwa hatua moja. Kinapomaliza safari ya karibu kilomita 800 na kuingia Bahari ya Hindi, kimeshakuwa mto wa viboko na mamba.

Kupanda si kazi ya kutisha. Bodaboda inakufikisha Matogoro, kisha ni miguu yako. Chini kuna miyombo na mikusu, ile miti inayotupa masuku mvua zinapoanza. Kadiri unavyopanda, ukungu wa asubuhi unalowesha nyasi, suruali inalowa hadi magotini, na udongo unaanza kuteleza. Tabu iko kwenye njia panda. Kijia kimoja ni cha waokota uyoga, kingine cha wakata kuni, na kingine kinakutumbukiza moja kwa moja kwenye chemchemi. Mgeni asiyejua hufuata kilichokanyagwa zaidi, na hapo ndipo chanzo cha maji kinapoharibika.

Uswisi, kwenye milima ya Alpi, jambo hili walilimaliza kwa rangi. Alama ya njano ni njia ya mtu yeyote. Nyeupe na nyekundu, iliyopakwa juu ya mwamba, inakwambia vaa viatu vya kushika ardhi na usiwe mtu wa kizunguzungu. Nyeupe na buluu ni ya wazoefu, wanaoweza kukutana na majabali au barafu. Msafiri anajua anachokiendea kabla hajanyanyua mguu, na haingii pasipotakiwa.

Rangi peke yake haitoshi, wenyeji wanahitajika. Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Alpi aliyefika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, pamoja na Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889, naye aliwategemea watu wa Kilimanjaro kuvuka msitu. Vijana wa Matogoro wanaijua milima yao vivyo hivyo, na kazi ya kuongoza wageni ingewafaa kuliko kuchoma mkaa.

Kila Februari 27 wageni wanajaa Songea kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Mwezi huo mvua bado ni kubwa, kwa hiyo wapelekwe Chandamali, kwenye majabali yanayoelezwa kuwa maficho ya Nduna Songea Mbano, mmoja wa mashujaa hao. Matogoro ni ya Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu, ingawa huo pia ni msimu wa moto kichaa, na kijiti kimoja cha kiberiti kinaweza kuteketeza msitu unaotunza maji ya mji mzima.

Manispaa na wasimamizi wa misitu, anzeni na njia moja tu: ipakeni alama, ipitisheni mbali na chemchemi, na wapeni vijana wa hapo kazi ya kuiongoza. Nawe msomaji, ukipanda kiangazi hiki, tafuta mwenyeji wa kukuongoza na kiberiti kiache nyumbani.