Je, Wajua? Fizikia iko kwa kinyozi
Mashine nyingi za kunyolea zinazochomekwa ukutani huendeshwa na sumaku ya umeme, si mota ya kuzunguka. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo sumaku huvuta meno ya mashine mara 100 kila sekunde. Ule mvumo unaokutekenya nyuma ya sikio saluni, Mbinga mjini au Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ndio huo. Sijaona mfano bora wa kumpa mwanafunzi!

Hesabu nayo ipo: kitana namba 1 huacha milimita 3. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Aliyenyolewa namba 1 leo, mwezi ujao ana milimita 13, yaani karibu namba 4.