Nembo ya Duka, Bei ya Chini: Je, Ni Akiba Kweli?

Msomaji, ukishuka matatu nambari 111 pale Karen na kutembea hadi jumba la The Hub, huenda ukadhani hapo si mahali pa mtu mwenye mkoba mwembamba. Magari yaliyoegeshwa nje yatakutisha kidogo. Lakini Karen si ya wenye majumba pekee. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna wapishi, walinzi na watunza bustani, na kuna familia za Dagoretti na Ngong ambazo hupitia hapo mwisho wa mwezi kutafuta sabuni, tishu na dawa ya meno. Kwa watu hao, shilingi ishirini ni pesa.

Ukiwa miongoni mwao, bila shaka umeziona zile bidhaa zenye nembo ya duka lenyewe, ambazo hazitangazwi kwenye televisheni. Mara nyingi huwa rafu ya chini kabisa, mahali ambapo sharti uiname. Swali ni moja: ukizinunua unaweka akiba, au unajidanganya?

Biashara ya aina hii ina miaka mingi. Carrefour, ambayo duka lake la kwanza nchini Kenya lilifunguliwa papo hapo The Hub mwaka 2016, ilianza mwaka 1976 kule Ufaransa kuuza bidhaa 50 zisizo na jina lolote la kibiashara, kwenye vifurushi vyeupe. Hapa Nairobi, Nakumatt ilikuwa na Blue Label yake, hadi wadai walipopiga kura mwaka 2020 kampuni hiyo ivunjwe.

Bei ya bidhaa hizi hushuka kwa sababu zinazoeleweka. Hakuna gharama ya matangazo, kifurushi ni cha kawaida, na duka huagiza shehena kubwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwa kiwanda ambacho pengine hutengeneza pia bidhaa zenye majina. Viwanda vyenyewe hupanga bidhaa zao kwa madaraja: Chandaria Industries ya Nairobi, mathalani, imetengeneza Velvex na pia Toilex. Lakini kuna sababu nyingine isiyopendeza. Duka kubwa laweza kumbana anayeliletea bidhaa. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour nchini, faini ya Sh1.1 bilioni ikisema iliwakandamiza wasambazaji wawili, mmoja wao akiwa Pwani Oil ambao pia hutengeneza sabuni. Kampuni hiyo haikukubaliana na uamuzi huo. Hata hivyo, ni vyema mnunuzi ajue kwamba urahisi wa bei wakati mwingine una anayeulipia.

Sasa tuje kwenye mkoba wako.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kutazama bei ya kifurushi bila kutazama kilichomo. Chukua tishu. Tuseme pakiti moja ya roli 10 ni Sh280 na nyingine ni Sh350. Mkono wako utakimbilia ya Sh280. Lakini geuza pakiti usome. Ikiwa roli za kwanza zina karatasi 150 kila moja, umepata karatasi 1,500, na kila karatasi imekugharimu karibu senti 19. Ikiwa zile za pili zina karatasi 250, umepata 2,500 kwa senti 14 kila moja. Ile ya rahisi ndiyo ghali! Na ikiwa idadi haikuandikwa, ibonyeze roli: iliyosokotwa kwa ulegevu juu ya bomba pana la kadibodi ni hewa unayouziwa.

Mche wa sabuni nao una ujanja wake, kwani sabuni mbichi hubeba maji mengi. Mama zetu walilijua hili zamani. Walikata mche vipande, wakavipanga juu ya kabati wiki mbili au tatu vikauke, ndipo wakaanza kufulia. Kipande kikavu hakiyeyuki ovyo kwenye beseni. Fanya hivyo na sabuni ya bei ya chini nawe utaona tofauti.

Za kuogea je, zile zinazodai kuua viini? Septemba 2016, shirika la Marekani linalosimamia chakula na dawa, FDA, lilipiga marufuku kemikali 19 katika sabuni za aina hiyo, triclosan ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Basi usitoe pesa za ziada kwa neno hilo. Kadhalika mafuta ya jeli: iliyo safi na isiyo na manukato hufanya kazi ile ile, iwe na jina kubwa au la duka.

Kwenye dawa ya meno, kinachohitajika ni floridi. Soma ubavuni mwa kifurushi. Ikiandikwa kati ya 1,000 na 1,500 ppm, hiyo inatosha, hata kama bei yake ni nusu ya nyingine. Mistari ya rangi tatu ni mapambo. Lakini hapa wakazi wa Karen na Lang'ata wawe macho. Nyumba nyingi za huku hutumia maji ya visima vya kuchimbwa, na baadhi ya visima vya Nairobi vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi ikizidi, meno ya mtoto hupata madoa ya kahawia. Mwenye kisima aulizwe matokeo ya maabara. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita apewe dawa ya kiasi cha punje ya njegere, naye ateme asimeze.

Zipo bidhaa ambazo mimi nisingezichezea. Sodo ni moja. Serikali iliziondolea kodi ya VAT mwaka 2004, kwa hivyo tafuta ya bei nafuu, lakini iwe na alama ya ubora ya KEBS na kifurushi kisiwe kimefunguliwa. Nyingine ni sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani. Wengi huipima kwa uzito wake, wakidhani nzito ndiyo kali. La hasha! Chumvi kidogo tu huifanya iwe nzito. Mwaga kijiko kimoja kwenye sufuria yenye mafuta uone kama inayakata.

Na jik ya kupimiwa iliyotiwa kwenye chupa ya soda, iache huko huko. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua si kinywaji. Tena usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala siki, maana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Limebaki lile linalowaumiza wanafunzi zaidi, yaani kununua kidogo kidogo. Tuseme kipakiti cha sabuni ya unga cha gramu 40 ni Sh15 kwenye kioski. Kilo nzima kwa bei hiyo ni Sh375, ilhali mfuko wa kilo moja dukani ni Sh250. Asiye na Sh250 kwa mara moja ndiye anayelipa zaidi, na hiyo ni dhuluma isiyo na wa kushtakiwa. Ukikimbilia dukani peke yako kwa nauli ya Sh100 kwenda na kurudi, akiba yako ya Sh125 inabaki Sh25. Lakini mkiwa wanne, mkachanga, mkamtuma mmoja alete kilo nne, nauli inagawanywa na kila mtu anabaki na Sh100 mfukoni. Watu wa chumba kimoja wanaweza kuanza mwisho wa mwezi huu. Kila mmoja alete mkebe wake mkavu wenye kifuniko, na anayetumwa abebe kikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017 na ule wa duka nao huuzwa.