Kupaka rangi bampa nyumbani: Ung'avu ni maandalizi, hatari ni pumzi

KUKWARUZWA kwa bampa au kava la kioo cha pembeni ni jambo la kawaida kwa wenye magari katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi, ambako pikipiki na bajaji hupenya katikati ya foleni. Baadhi yao, badala ya kwenda gereji, hununua kopo la rangi ya kupuliza na kuifanya kazi hiyo uani.

Kazi hiyo yawezekana hata kwa asiye fundi, ilimradi ajue mambo mawili: ung'avu wa rangi hupatikana kabla kopo halijafunguliwa, na ipo aina moja ya rangi ambayo haifai kabisa kupulizwa nyumbani.

Anayeanza anashauriwa kuchagua kipande kidogo kinachofunguka, mathalani kava la kioo cha pembeni, na kukipaka chote. Kupaka doa moja katikati ya mlango au boneti ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mpaka kati ya rangi mpya na ya zamani huonekana kirahisi, hasa kwa rangi ya fedha.

Hatua ya kwanza ni kuitambua rangi yenyewe. Kila gari hutoka kiwandani na namba ya rangi, ambayo kwa magari mengi yaliyotengenezwa Japani huandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au pembeni mwa mlango wa dereva. Kwa Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Hata hivyo, gari lililokaa juani miaka mingi huwa limepauka, hivyo ni busara kujaribu rangi kwanza kwenye kipande cha bati au plastiki.

Maandalizi

Kipande huoshwa kwa maji na sabuni, kikaushwe, kisha kifutwe kwa dawa ya kuondoa mafuta. Mabaki ya vipolishi vyenye silikoni huifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vidogo vya mviringo.

Mikwaruzo husuguliwa kwa msasa wa maji namba 400, kisha namba 600 au 800, hadi ukucha ukipita usikwame. Mkwaruzo unaohisiwa na ukucha utaonekana pia chini ya rangi. Palipobaki plastiki tupu hutangulizwa dawa maalumu ya kushikisha rangi. Bila hiyo, rangi huweza kubanduka baada ya muda.

Baada ya hapo hupulizwa praima mara mbili au tatu na, ikikauka, husuguliwa kidogo kwa msasa laini.

Kupuliza

Kopo hutikiswa kwa dakika mbili au tatu, likashikwa sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye kipande. Mkono huanza kusogea kabla ya kubonyeza na kuachia baada ya kuvuka ukingo, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kutaka rangi ifunike kwa mara moja. Rangi nzito huchirizika kama machozi, ilhali tabaka tatu nyepesi, zikipishana kwa dakika 10 hadi 15, hukaa vizuri. Mwisho hupulizwa klia, yaani rangi angavu ya kulinda na kung'arisha.

Hali ya hewa nayo ina nafasi yake. Unyevunyevu wa pwani, hususan wakati wa masika, huweza kuacha ukungu mweupe juu ya rangi, na jua kali huikausha kabla haijajilaza. Wakati mwafaka ni asubuhi iliyo kavu, umande ukishatoweka, tena kivulini.

Afya

Jambo zito zaidi ni pumzi. Barakoa ya vumbi au kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Kinachotakiwa ni barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na watoto, vyombo vya maji na moto. Gesi inayosukuma rangi katika makopo mengi hushika moto, hivyo jiko la mkaa la jirani halipaswi kuwa karibu.

Tatizo hujitokeza kwenye klia. Klia ya kawaida hulainika ikimwagikiwa petroli, jambo linalowashawishi wengine kutumia ile ngumu inayochanganywa na kigumushi. Vigumushi vingi vya aina hiyo vina aisosayaneti, kemikali ambayo nchini Uingereza imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi.

Kemikali hiyo haitoi harufu ya kumtahadharisha mtu mapema, na mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo tu huweza kuleta shambulio la pumu. Wanaoipuliza hupaswa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, ndani ya chumba maalumu.

Kwa sababu hiyo, kava la kioo au pembe ya bampa yaweza kumalizwa nyumbani kwa klia ya kawaida, lakini kifuniko cha tangi la mafuta na kazi yoyote inayohitaji kigumushi ni vyema viachiwe fundi mwenye vifaa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuuguza mapafu.